Jinsi ya kupiga picha ndege na vipepeo masika yakiisha

Mvua za masika zikianza kukatika, kati ya mwisho wa Mei na Julai, maswali huwa yale yale. Ninunue kamera gani? Mbona kipepeo huruka kabla sijamfikia? Mbona chozi, yule ndege mdogo wa maua anayemeta rangi zote akiwa kwenye ua, hutoka mweusi tii kwenye picha? Mwongozo huu ni wa anayeanza, mwenye simu au kamera ya kawaida, anayetaka kutembea karibu na kwao bila gari wala mahema.

Mifano yangu ni ya Gede, Watamu na pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, kwa sababu ndiko ninakotembea. Aliye Kwale, Tanga, Bagamoyo au Unguja atakuta mengi ni hayo hayo.

Kuna jambo moja nataka ulishike tangu sasa. Anayemfukuza ndege hurudi na picha za mkia. Anayejua ndege atatua wapi, akatangulia kufika, akakaa kimya jua likiwa mgongoni mwake, ndiye anayerudi na picha. Hatua nyingi hapa chini zinarudi kwenye hilo.

Msimu huu ni mzuri kwa sababu mbili. Viwavi wamepata majani mabichi ya kula kwa wiki nyingi, kwa hiyo vipepeo ni wengi. Na ndege wengi wa hapa wako kwenye shughuli za viota, kwa hiyo wanakaa mahali pamoja na wanajionyesha.

UNAVYOHITAJI

- Simu au kamera. Simu inatosha kabisa kwa vipepeo. Kwa ndege haitoshi, isipokuwa kwa wale waliozoea watu, kama kunguru, shomoro na yangeyange wa sokoni. Kwa ndege, tafuta kamera yenye zumu ndefu ambayo lenzi yake haitoki, au kamera ya kubadilisha lenzi pamoja na lenzi inayofika milimita 250 au 300. Usikimbilie lenzi ya milimita 600 mwanzoni: ni nzito, ni ghali, na mkono usiozoea utashindwa hata kumpata ndege ndani yake.
- Betri iliyojaa na memori kadi yenye nafasi. Ukiweza, beba betri ya pili.
- Mfuko wa nailoni wa kufunika kamera mvua ikija ghafla, na kitambaa laini cha pamba cha kufutia lenzi.
- Nguo za kijani kibichi, kahawia au kijivu. Shati jeupe linaonekana kutoka mbali sana.
- Suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole. Baada ya mvua kuna siafu na kupe, na ukichelewa hadi Julai upupu unaanza kukauka. Vinyweleo vyake vikikugusa, matembezi ya siku hiyo yamekwisha.
- Maji ya kunywa na kofia.
- Daftari dogo na kalamu ya risasi. Wino hufutika kwa jasho na mvua.

Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani. Kwa matembezi haya inakuchelewesha.

Ukinunua lenzi iliyotumika, imulike tochi kutoka upande mmoja huku ukichungulia upande mwingine. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotanda ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Huku pwani, kwa unyevu wetu, kuvu haiponi kwa kusubiri. Achana na lenzi hiyo hata ikiwa ya bei ya kutupa.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua njia fupi, uipite kwanza bila kupiga picha

Kilomita moja au mbili zinatosha. Pita asubuhi, polepole, na uandike: mnazi gani una viota vya kwera (ndege wanaofuma viota vya kuning'inia), mgomba gani umetoa ua, maji yametuama wapi, kichaka gani kina maua mengi, jua linachomoza upande gani. Njia nzuri hupita mahali panapobadilika: shamba linapokutana na kichaka, kichaka kinapokutana na maji. Hapo ndipo viumbe hukutana.

Gede ina faida ya kuwa na yote karibu karibu. Ndani ya magofu ya mji wa kale kuna miti mikubwa na kivuli, na papo hapo upo mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, unaonunua pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kutoka kipepeo) kutoka kwa wakulima wanaokaa kando ya msitu. Ukiwa mgeni wa vipepeo, anza kwenye banda lao. Utawaona wametulia, utajifunza maumbo yao, na macho yatazoea kabla hujawatafuta porini.

Kama njia yako inapita shambani kwa mtu, piga hodi na ueleze unachofanya. Mtu anayezunguka na kamera nyuma ya nyumba za watu huleta wasiwasi, na wasiwasi huo ni haki yao. Ukieleza, mara nyingi mwenye shamba mwenyewe ndiye atakayekuonyesha kiota alipokiona jana. Usielekeze kamera kwa watu, vituo vya polisi wala kambi.

2. Panga saa

Ndege wanataka alfajiri. Uwe umeshafika mahali pako ifikapo saa 12:30 asubuhi, jua linapochomoza. Mpaka saa 3 mwanga bado ni laini na ndege wanakula. Baada ya hapo wanajificha, na vivuli vinakuwa vikali.

Vipepeo ni wavivu wa asubuhi, na uvivu huo ni bahati yako. Mwili wa kipepeo hupata joto kutoka kwa jua. Kati ya saa 2 na saa 4 utawakuta wametanda mabawa juu ya majani wakiota jua, na hapo wanakubali kusogelewa. Ifikapo saa 6 wameshapata moto na hawashikiki.

Tena kuna upepo. Msimu huu kusi imeshaanza. Alfajiri huwa imelala, lakini jua likipanda matawi yote yanacheza, na picha ya kipepeo kwenye ua linaloyumba ni taabu tupu. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: ndege kwanza, vipepeo baadaye, na saa 4:30 niko njiani kurudi.

3. Tayarisha kamera kabla hujamwona ndege

Ndege hatakungoja utafute vitufe. Weka hivi tangu nyumbani:

- Kwenye kamera, zungusha gurudumu hadi S au Tv, yaani wewe unachagua kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) na kamera inapanga mengine. Anza na 1/1000 ya sekunde. Ndege akiruka, panda hadi 1/2000. Ndege aliyetulia kabisa, unaweza kushuka hadi 1/500.
- ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iweke kwenye otomatiki, na mwisho wake uwe 3200 au 6400. Picha yenye chenga kidogo unaweza kuisafisha. Picha iliyotikisika hairekebishiki.
- Fokasi iwe ya kufuatilia: kwenye Canon imeandikwa AI Servo au Servo, kwenye nyingi nyingine AF-C. Tumia nukta moja ya katikati. Kama kamera yako inatambua jicho la ndege, iwashe.
- Washa upigaji wa mfululizo.
- Zima mlio wa kamera na mwanga wa fleshi.

Kwenye simu, futa lenzi kwanza. Nusu ya picha zenye ukungu ni mafuta ya vidole. Kisha gusa na ushikilie skrini mahali kilipo kichwa cha kiumbe hadi fokasi ijifunge, halafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga kidogo. Tumia zumu ya lenzi, ile ya mara 2 au mara 3 kama simu yako inayo. Usivute zaidi ya hapo, kwa sababu simu inaanza kukata na kukuza tu. Afadhali ukate mwenyewe nyumbani.

4. Jua liwe mgongoni

Kabla ya kuinua kamera, tazama kivuli chako. Kikimwelekea kiumbe unayetaka kumpiga, umesimama vizuri. Kikiwa nyuma yako, zunguka.

Kwa chozi hili si suala la urembo. Rangi zake za kumeta zinatokana na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Mwanga ukitoka pembeni au nyuma yake, koo lote linaonekana jeusi. Ukisogea hatua mbili jua likawa nyuma yako, akageuza kichwa kidogo tu, zambarau au kijani inawaka mara moja. Ndiyo maana chozi mmoja, kwenye ua moja, hutoka mweusi kwa mtu mmoja na wa ajabu kwa aliyesimama kando yake.

5. Anza na kwera

Usianze na ndege mgumu. Anza na kwera, ambao wengine huwaita mnana, kwa sababu wanafanya kazi yao mbele ya watu. Tafuta mnazi au mti kando ya maji wenye viota vinavyoning'inia.

Simama mbali, umbali ambao hawabadilishi sauti wala shughuli, na uwaangalie kwa dakika kumi bila kupiga. Utaona dume akitua kwenye kuti, anaung'ata ukingo wa jani, halafu anaruka na ukanda mrefu mwembamba unachanika nyuma yake. Anarudi kwenye kiota, anaupenyeza kwa mdomo, anauvuta upande wa pili. Kiota kikikaribia kwisha, ananing'inia chini yake kichwa chini, anapiga mabawa kuita jike. Hilo ndilo pozi lako. Anarudia mara nyingi kwa asubuhi moja, kwa hiyo ukikosa mara ya kwanza, lenga kiota hicho hicho na ungoje.

Elekeza nukta ya fokasi kwenye jicho. Jicho likiwa wazi, picha inasimama hata kama mkia umepotea.

6. Keti mbele ya ua

Hatua hii ndiyo itakayokupa picha zako bora, na ndiyo watu wanayoiruka. Chagua ua moja ambalo ndege chozi hulirudia: mshubiri uliochanua, hibiskasi, au ua la mgomba. Ua la mgomba nalipenda zaidi, kwa sababu linaning'inia wazi na chozi hulishika kwa miguu akinywa.

Keti chini, mita nne au tano, jua mgongoni. Pima mwanga kwenye ua lenyewe kabla ndege hajaja. Weka fokasi hapo. Tazama nyuma ya ua kuna nini: kukiwa na ukuta mweupe au anga, sogea mpaka nyuma pawe majani ya mbali yenye kivuli. Kisha tulia, kamera ikiwa tayari usoni au kifuani, ili usifanye mwendo mkubwa ndege akitua.

Mara ya kwanza chozi atakuja, atakuona, ataondoka. Usiinue kamera. Mara ya pili atakaa kidogo. Atakapoacha kukujali, anza. Nusu saa mbele ya ua moja inakupa picha kuliko kilomita tatu za kuzunguka.

7. Wajue wanaorudi kwenye tawi moja

Keremkerem hukaa kwenye tawi kavu, huruka, hunasa mdudu hewani, na mara nyingi hurudi pale pale. Akirudi na nyuki, humpiga kwenye tawi na kumsugua kabla ya kummeza. Ukishaona ameondoka na kurudi mara mbili, usimfuate hewani. Weka fokasi kwenye tawi na ungoje. Mdiria naye ni hivyo hivyo. Wako wanaokaa mbali na maji wakila panzi, kwa hiyo usimtafute mtoni tu.

Dudumizi ni kinyume. Sauti yake utaisikia kila mahali baada ya mvua, lakini yeye hujificha kichakani. Mtafute jua linapochomoza tu, anapopanda juu ya kichaka kukausha mabawa yaliyolowa umande.

8. Msogelee kipepeo

Kipepeo anaona mwendo na anaona kivuli kuliko anavyokuona wewe. Fanya hivi:

a) Mngoje atue na aanze kunywa. Akishaingiza mrija kwenye ua, anakuvumilia zaidi.
b) Piga picha moja ukiwa mbali, ya ushahidi.
c) Inama uwe chini, usawa wake. Ukimjia kutoka juu, ataruka.
d) Sogea hatua nusu, simama, piga, sogea tena. Mikono ibaki karibu na mwili.
e) Hakikisha kivuli chako hakimgusi hata kidogo. Kivuli kikipita juu yake, ameondoka.
f) Akiruka, usikimbie. Wengi wana njia yao ya kuzunguka na hurudi karibu na pale pale.

Sasa kuhusu ukali wa picha. Ukiwa karibu, sehemu inayotoka wazi ni nyembamba sana. Kwa hiyo uso wa kamera uwe sambamba na mabawa: akiwa ameyafumba, kaa ubavuni kwake, akiwa ameyafungua, inua kamera polepole ukishafika karibu, umpige kutoka juu moja kwa moja. Kama kamera yako ina gurudumu la A au Av, weka apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/8 na uangalie kasi isishuke chini ya 1/500.

Kwa simu, usitumie ile hali ya kupiga vitu vidogo inayokulazimisha ufike sentimita chache kutoka kwake. Rudi nyuma, tumia zumu ya mara 2, utapata picha ile ile bila kumtisha.

Wa kuanzia ni yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, anayeruka polepole karibu na ardhi. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na ile sumu inabaki mwilini, ndege humwacha. Kwa hiyo hana haraka na mtu. Mgumu zaidi ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, maarufu kwenye milimau. Hata akinywa hatulizi mabawa, kwa hiyo panda hadi 1/1000.

Na ukiwa chini ya mlimau huo, geuza majani. Kiwavi wake mchanga anafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Mpige picha bila kumgusa, na umwombe mwenye mlimau asimnyunyizie dawa.

9. Tafuta tope na matunda yaliyooza

Ukingo wa dimbwi la mvua, jua likiwa kali, ni mahali pazuri kuliko bustani. Vipepeo madume hukusanyika kwenye tope kufyonza chumvichumvi, mara nyingine kundi zima, na huzama humo kiasi kwamba unaweza kulala kifudifudi ukawapiga usawa wa macho.

Wapo pia vipepeo wanene, wenye nguvu, wengi wao wakiwa na vijimkia kwenye bawa la nyuma, ambao maua hawana habari nayo. Wao wanataka matunda yaliyochacha. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, zifunike kwenye kopo siku mbili tatu, kisha zipake kwenye shina la mti lenye jua la asubuhi. Upande wa chini wa mabawa yao ndio wenye michoro, kwa hiyo wakikaa wamefumba, usisikitike. Usifanye hivi ndani ya magofu ya Gede: kima wa pale watakuja kabla ya kipepeo yeyote, na wataondoka na mfuko wako pia.

10. Ukiingia msituni, ingia na mwenyeji

Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, na ndani yake kuna tembo. Usiingie peke yako. Lipa langoni, chukua mwongozaji wa msitu. Hao ndio wanaojua bundi mdogo wa Sokoke analala kichaka gani mchana, na wewe hutampata bila wao hata ukizunguka wiki nzima.

Upande wa msitu wenye miti ya mirihi una mwanga zaidi, kwa hiyo anza huko. Jambo la kujua ni kwamba ndege wa humo hutembea kwa makundi ya aina mbalimbali pamoja. Unaweza kukaa muda mrefu msitu ukiwa kimya, halafu ghafla kila tawi lina ndege, na baada ya dakika chache wamepita. Ukisikia sauti zinakaribia, simama, jiegemeze kwenye shina, panda ISO. Angalia mbele ya kundi linapoelekea, sio pale lilipo.

Wanaotaka ndege wa matope ya Mida, hori la bahari karibu na Watamu, kama sululu na wenzake, wasubiri. Wengi wako kaskazini msimu huu wakizaa, na huanza kurudi kuanzia Agosti. Wakati huo nenda maji yanapojaa, ili yawasogeze ndege kwako.

11. Piga ya kumbukumbu pia

Kabla ya kuondoka kwa kila kiumbe, piga picha hata mbaya za kumtambulisha: kipepeo, juu na chini ya mabawa, ndege, ubavu, mgongo na mdomo. Andika saa, mahali na alikuwa akila nini. Bila hayo utarudi na picha nzuri ya kitu usichokijua.

12. Nyumbani

Hamisha picha siku hiyo hiyo. Futa bila huruma. Ukibaki na tano nzuri, asubuhi ilikuwa njema. Kata picha ili kiumbe awe na nafasi mbele ya macho yake kuliko nyuma. Usiongeze rangi hadi kwera awake kama taa. Kamera ifute chumvi na jasho, uihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Ukipenda, pakia picha kwenye iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe, au ndege kwenye eBird, ambao ni wa ndege tu. Wenye ujuzi watakusaidia majina, na rekodi yako itabaki kwa watafiti. Kama ni kiota au ndege adimu, ficha mahali kamili. Programu ya iNaturalist inakuruhusu kufanya hivyo.

USIFANYE HAYA

Usikate majani yaliyoziba kiota ili upate nafasi. Majani hayo ndiyo ukuta wake. Kunguru wa huku wanamwangalia mtu anasimama wapi, na wewe ukiondoka wao wanaingia kula mayai. Ndege akitoa sauti ya hofu, au akiwa na chakula mdomoni na hataki kuingia kiotani, wewe ndiye unayemzuia. Ondoka.

Usicheze sauti ya ndege kwenye simu kumwita. Anaacha kula na kulinda kiota chake ili apigane na ndege ambaye hayupo.

Usimkamate kipepeo, wala usimweke kwenye friji apoe ili atulie. Watu wanashauriana hivyo. Ni ukatili, na kipepeo aliyepoozwa huonekana kwenye picha: miguu haikushika, mabawa yamekaa vibaya.

MATATIZO YA KAWAIDA NA DAWA YAKE

Picha zote zimetikisika. Kasi ya shata ni ndogo. Angalia namba chini ya picha; ikiwa chini ya 1/500, hapo ndipo tatizo lilipo. Bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, ubonyeze polepole.

Kasi ni 1/1000 lakini bado haiko wazi. Tazama kama majani ya nyuma yako wazi. Kama ndiyo, fokasi ilishika nyuma. Rudi kwenye nukta moja, ilenge kwenye kifua au jicho, bonyeza nusu tena na tena kabla ya kupiga.

Ndege kwenye anga ametoka mweusi. Kamera imedanganywa na anga angavu. Tafuta kitufe chenye alama ya jumlisha na toa, ongeza 1 au hata 2. Anga litakuwa jeupe, ndege ataonekana. Bora zaidi, mngoje ashuke chini ya usawa wa miti.

Yangeyange ametoka doa jeupe lisilo na manyoya. Hapo ni kinyume: toa 1. Vipepeo weupe nao hivyo hivyo.

Picha ina chenga nyingi. Mwanga ulikuwa mdogo, ISO ikapanda. Kama ndege ametulia, shusha kasi hadi 1/250 na upige mfululizo mrefu. Moja au mbili zitakuwa zimetulia.

Lenzi imeingia ukungu mara tu nilipotoka nje. Kamera ilikuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, na nje kuna joto na unyevu. Usiifute ndani wala kufungua lenzi. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa nusu saa kabla ya kuanza. Dawa hasa ni kuilaza usiku kwenye chumba kisicho na kiyoyozi.

Ndege ni mdogo mno kwenye picha. Hilo halina kitufe. Rudi hatua ya 6.

Nimempiga yule kipepeo wa chungwa, lakini naambiwa si yeye. Inawezekana umempata jike la aina nyingine linalomwiga ili ndege waliogope. Angalia bawa la nyuma. Yule mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa hilo. Mwigaji ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele wa bawa. Kwa hiyo piga picha inayoonyesha bawa la nyuma lote. Mara nyingi huwa limefichwa na lile la mbele, na utalazimika kumngoja alifungue vizuri. Dume la mwigaji huyo halifanani naye kabisa: ni jeusi, lenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, na hupenda kukaa juani mahali pamoja akifukuza wengine, kwa hiyo ukimpata jike, zunguka hapo hapo umtafute na dume.